Frateri, Hilo Jina Haliwezi Kutoka?



Likizo iliyopita, nyumbani Rhotia, nilipewa kazi ya kuendesha projekta ili waamini wasome maneno ya nyimbo ukutani. Kila nilipowasha kompyuta kabla ya Misa, jina la kampuni iliyoitengeneza lilijaa ukutani, jirani kabisa na msalaba, kwa herufi kubwa kuliko za wimbo wowote. Mzee mmoja aliniuliza, kwa nia njema, kama hao ndio wafadhili wetu wapya. Mwenyekiti wa kwaya naye akauliza: "Frateri, hilo jina haliwezi kutoka?"

Linaweza, ila si kwenye kila kompyuta, wala si kwa kupiga Windows upya kama wengi wanavyodhani. Nembo hiyo haikai kwenye diski. Imo ndani ya chipu ndogo kwenye ubao mkuu wa kompyuta, pamoja na programu ya kwanza kabisa kuamka unapobonyeza kitufe. Wengi bado tunaiita BIOS, ingawa kompyuta za sasa zinatumia mrithi wake, UEFI. Hata ukichomoa diski nzima, nembo itakuja. Na tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows yenyewe huiazima picha hiyo na kuiacha kwenye kioo huku vidoti vikizunguka chini yake. (Darasani tungesema nembo ni sifa ya nje tu, si asili ya kompyuta. Fundi atakwambia sifa hiyo imeng'ang'ania kweli kweli.)

Anza na mipangilio. Washa kompyuta huku ukibonyeza F2 kwa Dell nyingi, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, kisha tafuta maneno "Full Screen Logo" au "Quiet Boot". Ukiyakuta, zima, hifadhi, umemaliza. Kompyuta mpakato nyingi hazina kipengele hicho, na hapo ndipo watu huanza kujaribu mambo.

ThinkPad nyingi huruhusu uweke picha yako ndogo wakati wa kusasisha BIOS. Lakini kusasisha ni kuandika upya ile chipu, na kompyuta ikizimika katikati inaweza isiamke tena. Sisi tunajua umeme unavyokatika mvua ikianza: betri iwe imejaa na chaja iwe imechomekwa. Ipo pia programu ya HackBGRT. Hiyo haigusi chipu, bali hubadilisha picha ambayo Windows inaiazima, kwa hiyo nembo ya kiwandani bado huchungulia kidogo mwanzoni. Mara nyingi utatakiwa pia kulegeza au kuzima ulinzi wa Secure Boot, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kompyuta inaweza kudai ufunguo mrefu wa tarakimu 48 ambao hakuna anayekumbuka ulihifadhiwa wapi.

Picha yenyewe nayo si kitu cha kuchezea. Desemba 2023, watafiti wa kampuni ya Binarly walieleza udhaifu walioupa jina LogoFAIL: kwenye kompyuta za watengenezaji wengi, picha ya nembo iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kupenyeza programu mbaya kabla hata Windows haijaamka. Kompyuta yetu ya projekta ndiyo hiyo hiyo ofisi ya parokia inaandikia ubatizo na zaka. Sikuona nembo inayostahili hatari hiyo.

Kwa wanaonunua kompyuta zilizotumika: ikiwa jina linalotokea ni la shule au taasisi fulani, na linafuatwa na nywila usiyoijua, hilo si pambo. Uliza kwanza kompyuta ilitoka wapi, maana hapo tumeshaingia kwenye amri ya saba.

Basi nilifanya hivi. Kompyuta inawashwa kwanza sakristia, na waya wa projekta unachomekwa Windows ikishafunguka. Katikati ya Misa haizimwi, inalazwa tu, kwa kuwa ikiamka usingizini haionyeshi nembo. Mzee hajauliza tena habari za wafadhili. Kwaya sasa wanataka picha ya Mtakatifu Sesilia ionekane kabla ya wimbo wa mwanzo, na hilo ni jepesi: bonyeza picha kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha uchague iwe mandhari ya kioo.