Kulipita Guta Kariakoo: Sheria Inaruhusu Nini?

Madereva wanaoingia Kariakoo kila siku wana swali moja wanalolirudia: je, kwenye mitaa ya ndani, mtu anaruhusiwa kuovateki chombo kinachokwenda polepole? Kisheria jibu ni ndiyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo leo ni Sura ya 168, haikupiga marufuku kulipita gari jingine kwa sababu tu mko kwenye mtaa wenye nyumba na maduka. Inachofanya ni kuweka masharti. Na masharti hayo, ukiyapeleka Mtaa wa Swahili au Tandamti saa 4 asubuhi, yanakuachia nafasi chache mno.

Msingi wake kila dereva aliyepita darasani anaujua. Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo unapita kulia. Hupiti kwenye kona, kwenye mwinuko usioona upande wa pili, kwenye makutano, kwenye reli wala kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Huvuki mstari mweupe usiokatika. Kushoto unaruhusiwa kupita pale ambapo aliye mbele ameonyesha kwamba anakata kulia na nafasi ya kushoto inatosha, au pale magari yanapokwenda kwa safu na safu yako ikawa ndiyo inayosogea. Kushoto kwingine kote ni pa mwenda kwa miguu na mwenye baiskeli.

Hapo kwenye makutano ndipo Kariakoo inapotofautiana na Bagamoyo Road. Mitaa yake ilichorwa enzi za ukoloni kwa mistari iliyonyooka inayokatana, na kipande kimoja cha mtaa, kutoka njia panda hadi njia panda, mara nyingi hakifiki mita 100. Toa mita za mwanzo, kwa sababu ndiyo kwanza umetoka makutano. Toa na za mwisho, kwa sababu unayakaribia mengine. Kinachobaki katikati ndicho unachoweza kukitumia, tena ikiwa hakuna kenta inayoshusha mzigo upande mmoja na meza za bidhaa upande wa pili.

Tupige hesabu. Guta lililobeba marobota linakwenda kilomita 10 kwa saa. Wewe unalipita kwa kilomita 30. Ili utoke nyuma yake na kurudi kushoto bila kulibana, unahitaji kulizidi kwa mita 20 hivi. Kwa tofauti hiyo ya mwendo utatumia karibu sekunde 4, na gari lako litakuwa limekwenda mita 30. Bajaji inayokuja mbele yako kwa mwendo huohuo nayo itakuwa imekula mita 30. Kwa hiyo unahitaji kuona mita 60 zilizo tupu kabisa kabla hujatoka. Kwenye kipande kirefu, asubuhi na mapema maduka hayajafunguliwa, inawezekana.

Sasa badala ya guta weka gari dogo linalokwenda kilomita 40. Ukomo wa mwendo kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na kuovateki hakukupi ruhusa ya kuuzidi hata kidogo. Ukimpita kwa 50 utahitaji kumzidi kwa mita 30 hivi, nayo itakuchukua karibu sekunde 11 na mita 150 za barabara. Anayekuja mbele kwa 50 naye atakuwa amekwenda mita 150. Hizo ni mita 300, na kipande kama hicho Kariakoo hakipo. Anayempita mwenzake wa namna hiyo ndani ya mitaa hii ama amevunja ukomo wa mwendo, ama amepitia kwenye makutano, na mara nyingi amefanya yote mawili.

Watu huchanganya pia kulipita gari linalotembea na kulizunguka lililosimama. Kenta inayoshusha katoni haiendi polepole, ni kizuizi. Unaruhusiwa kuizunguka kwa kutumia upande wa kulia, lakini upande huo si wako, ni wa wanaokuja. Unasimama nyuma, unawaacha wapite, kisha unatoka taratibu. Anayekuja hana wajibu wa kukupisha wewe uliyeingia upande wake, hata ukimuwashia taa mara ngapi.

Kivuko cha pundamilia ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote. Gari lililo mbele yako linapunguza mwendo, linasimama. Dereva wa nyuma anaona ni mzembe, anachomoka kulia. Aliyesimama amesimama kwa sababu ameona mtu: mama aliyejitwisha kiroba, mtoto wa shule, mpagazi aliyeinama chini ya mzigo na asiyeona pembeni. Wewe hukumwona kwa sababu gari lenyewe ndilo limemficha. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unalitaja jambo hili moja kwa moja: gari lililosimama mbele ya kivuko halipitwi ila kwa mwendo mdogo unaomwezesha dereva kusimama papo hapo mtu akitokea. Kariakoo mtu hutokea popote, kivuko kiwepo kisiwepo. Kwa hiyo kila gari linalosimama ghafla mbele yako lichukulie kwamba linampisha mtu.

Kuna mazoea ya barabara kuu ambayo madereva huja nayo mjini. Kwenye njia ya kwenda Morogoro, lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kushoto wengi huelewa kwamba njia ni nyeupe, pita; likiwasha ya kulia, usipite, kuna gari linakuja. Hiyo ni lugha ya madereva tu. Sheria inaijua indiketa kama ishara ya kubadili uelekeo. Mtaani, indiketa ya kushoto ya kenta ina maana kwamba inakata kushoto au inaegesha, na ya kulia ina maana kwamba inakata kulia kweli. Hali ni hiyohiyo kwa mkono wa mwendesha guta anayekupungia upite. Ni uungwana wake, lakini likitokea la kutokea, wa kujibu ni wewe uliyeshika usukani. Yeye mwenyewe haoni kilicho nyuma ya marobota yake.

Kutanua nako si kuovateki. Foleni imesimama Uhuru, mtu anapanda ukingoni, anapita kwa waenda kwa miguu, kisha anachomekea mbele. Hapo hakuna sharti hata moja alilotimiza. Anayeingia njia ya mwendokasi pale Msimbazi ili aruke foleni naye yumo humohumo. Njia zile zimetengwa kwa mabasi tangu huduma ilipoanza mwaka 2016, na basi lile refu halikwepi kirahisi. Bodaboda na bajaji hawana sheria yao ya pembeni. Bajeti ya mwaka 2021/22 iliwashushia faini kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000, lakini masharti ya kupita ni yaleyale yanayomfunga mwenye gari.

Haki ya mwenye guta au mkokoteni nayo ijulikane. Chombo chake ni chombo cha barabarani, na kwenda polepole si kosa. Kumpigia honi mfululizo au kumsogelea hadi bampa linagusa mzigo ni kumtisha mtu ambaye hana breki ya maana, na pengine nyuma yake kuna kijana anayesukuma, ambaye kiti chako kikiwa chini humwoni. Akiwa amebeba nondo, ncha zake hutokeza nyuma na huyumba kila anapokata kona. Mpe nafasi ya pembeni ya zaidi ya mita 1, na kama nafasi hiyo haipo, basi hakuna pa kupita.

Naye ana wajibu wake. Akae kushoto. Anapopitwa asiongeze mwendo wala asijipanue. Akiona foleni imejipanga nyuma yake na mbele kuna nafasi mbele ya duka lililofungwa, ajiweke kando ili watu wapite. Huo ni wajibu wa kila anayekwenda taratibu, hata mwenye gari la kifahari anayetafuta pa kuegesha huku akisoma vibao vya maduka.

Wafanyabiashara wenzangu wa Kariakoo, kenta mnazoziegesha sambamba pande zote mbili za mtaa mmoja ndizo zinazowalazimisha madereva kutoka upande wao wakiwa hawaoni mbele. Kubalianeni na jirani wa ng'ambo: asubuhi ashushe yeye, ninyi mshushe akimaliza.