Hewa ya Mabonde ya Gusii (2): Kibali cha Ujenzi na Moshi

Juma lililopita tulieleza moshi wa Kisii na Nyamira unatoka wapi: kuni na makaa ya jikoni, taka zinazochomwa vichochoroni, matatu na malori ya dizeli, tanuri za matofali. Leo tutazame jambo lisilosemwa sana. Madhara ya moshi hutegemea pia mahali unapofuka, na anayepanga mahali ni serikali ya kaunti.

Mji wa Kisii umezungukwa na vilima, na mto Nyakomisaro unapita humo. Usiku usio na mawingu, ardhi ya vilimani hupoa haraka. Hewa inayoigusa hupoa nayo, ikawa nzito, ikateremka polepole hadi bondeni. Juu yake hutanda hewa yenye joto zaidi, mithili ya kifuniko cha sufuria. Basi moshi wa jioni na wa alfajiri hukwama hapo chini mpaka jua lipande na kuipasha ardhi. Saa hizo ndizo watoto wanazotembea kwenda shule, na ndizo akina mama wanazopanga bidhaa sokoni Daraja Mbili. Moshi wa kiasi hicho hicho ukitokea mgongoni mwa kilima penye upepo, mara nyingi hutawanyika mapema. Ramani ya mji isiyotofautisha bonde na kilima haijaanza kazi yake.

Mamlaka yapo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, na limezikabidhi pia upangaji wa maendeleo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakataza ujenzi usio na kibali cha kaunti. Kwa hiyo swali la hewa laweza kuulizwa kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Lisipoulizwa mapema, huulizwa mahakamani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikaa ubavuni mwa makazi ya watu, madini ya risasi yakaingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa zikafuata, na Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho Desemba 2024. Watoto wale walikuwa wamekwisha kukua.

Nasikia watu wakisema kwamba kutenga maeneo ya shughuli zenye moshi hakuwezekani kwetu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba ya Kisii, na kila boma lina shamba lake la urithi. Ni kweli hatuna uwanda mtupu wa kupeleka viwanda. Lakini kutenga eneo si kusogeza vitu mbali tu. Ni kuweka masharti pia. Huko Uingereza, baada ya moshi wa London wa 1952 kuua maelfu, Sheria ya Hewa Safi ya 1956 iliziruhusu halmashauri kutangaza mitaa ambamo moshi ni marufuku. Watu walibaki nyumbani mwao, kilichobadilika ni walichochoma. Nasi twaweza kuamua kwamba bondeni hapachomwi taka wala matofali, na posho mill ziendeshwe kwa umeme. Mafundi wa jua kali wajengewe kwanza eneo lenye umeme, maji na barabara, kwa kodi wanayoimudu, ndipo waombwe kuhama. Fundi anayefukuzwa tu atarudi kwa kuwa wateja wake wako pale pale.

Kwa Nyamira, viwanda vya chai vya Kebirigo, Nyansiongo na Sanganyi hukausha majani kwa moto wa kuni. Chai ndiyo karo ya watoto wetu, hakuna anayetaka vifungwe. Kinachotakiwa ni kuzuia shule mpya na nyumba za kupangisha zisisogee chini ya dohani zake.

Na Keroka je? Mji huo umekaa mpakani, upande huu Kisii, upande ule Nyamira. Upande mmoja ukipiga marufuku uchomaji taka na mwingine ukaruhusu, marufuku hiyo haina maana. Sheria ya 2019 inaruhusu kaunti jirani kuandaa mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi, na kwa maoni yangu Keroka ndipo pa kuanzia.

Rasimu za mipango hii hutangazwa ili wananchi watoe maoni. Msomaji, tangazo likitoka, nenda ukaitazame ramani, utafute shule ya mwanao, kisha uulize kwa sauti ni nini kimeruhusiwa kujengwa jirani nayo.