Mwenye ufunguo wa nyumba ya mfalme
Jinsi watumishi wa kasri walivyogeuka kuwa serikali katika China ya kale

Katika Kichina cha kale, neno zai lilimhusu msimamizi wa nyumba ya mtukufu, aliyeangalia uchinjaji, mapishi na ugavi. Karne nyingi baadaye neno hilohilo likaingia katika zaixiang, yaani waziri mkuu. Kutoka jikoni hadi barazani: hiyo ndiyo njia iliyopitiwa na vyeo vingi vya utawala wa China.

Hazina mbili

Wakati wa ukoo wa Han, uliosimama mwaka 206 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), nyumba ya mfalme na dola vilikuwa na hazina mbalimbali. Kodi ya mashamba iliingia hazina ya dola. Mapato ya milima, maziwa na bahari yalikwenda kwa mfalme mwenyewe, chini ya idara ya nyumbani iliyoitwa Shaofu. Idara hiyo ilishughulikia chakula, mavazi na dawa za kasri. Ndani yake walikuwamo makarani wadogo, shangshu, ambao kazi yao ilikuwa kupokea na kupeleka nyaraka.

Mfalme Wu, aliyetawala miaka 141 hadi 87 kabla ya Nabii Isa, hakupenda kubanwa na mawaziri wake. Akaanza kuamulia mambo ndani, kwa mikono ya watu wa karibu. Kufikia utawala wa Guangwu (25–57), mawaziri wakuu walibakiwa na heshima tu, na kazi yenyewe ilikuwa kwa wale makarani. Chini ya ukoo wa Tang (618–907), ofisi yao ndiyo iliyosimamia wizara sita: watumishi, mapato, ibada, vita, sheria na ujenzi. Hali kadhalika shizhong, aliyekuwa mhudumu wa kumsindikiza mfalme, akawa mmoja wa mawaziri wakuu, na idara yake ikawa na haki ya kupitia amri za mfalme na kuzirudisha zikiwa na kasoro.

Lakini kila mtumishi alipogeuka afisa mwenye kanuni na wenzake wa kumkagua, mfalme aliyefuata alimwona yuko mbali, akatafuta mwingine chumbani.

Nyuma ya pazia

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mwaka 210 kabla ya Nabii Isa, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Qin alifariki safarini. Zhao Gao, mtumishi wa kasri aliyekuwa na dhamana ya magari na mihuri ya mfalme, alikificha kifo hicho. Akishirikiana na waziri Li Si, alighushi wasia. Mrithi, Fusu, akaamriwa ajiue, na mdogo wake akatawazwa. Husimuliwa kwamba baadaye Zhao Gao alileta kulungu barazani akamwita farasi, apate kujua nani atathubutu kumpinga. Haikupita miaka minne tangu wasia ule, dola ikaanguka.

Wafalme waliofuata waliwategemea matowashi, wakidhani kuwa asiye na mtoto hatakuwa na tamaa ya kurithisha. Dhana hiyo haikuwasaidia. Mwaka 189, majeshi yaliingia kasri la Luoyang na kuwaua zaidi ya 2,000. Hata wanaume wasio na ndevu waliuawa kwa kudhaniwa matowashi.

Mtoto wa Haji

Mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming aliwakataza matowashi mambo ya dola, na mwaka 1380 akafuta pia cheo cha waziri mkuu. Muda mfupi baadaye, majeshi yake yalipoiteka Yunnan, yalimkamata mtoto wa Kiislamu wa ukoo wa Ma, ambaye baba yake na babu yake walijulikana kwa jina la Haji. Alihasiwa, dhulma ambayo dini yetu imeiharamisha, akapelekwa kutumikia nyumba ya mwana wa mfalme, Zhu Di. Bwana wake alipotwaa kiti mwaka 1402 na kuitwa Yongle, mtumishi huyo, Zheng He, alikabidhiwa majahazi ya dola. Kati ya 1405 na 1433 zilifanyika safari saba, na baadhi ya majahazi yalifika Hormuz, Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415, twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme.

Zheng He aliitimiza amana aliyopewa. Hata hivyo, maafisa wa serikali walilalamikia gharama, na kazi yake ilisimama juu ya mapenzi ya mtu mmoja. Yongle alipofariki mwaka 1424, safari zilisitishwa. Baada ya hapo ikafanyika moja tu.

Funzo

Ukaribu na mtawala peke yake si uovu. Nabii Yusuf (a.s.) alitoka utumwani na gerezani akawa mwangalizi wa hazina za Misri. Lakini kwanza alitaka kesi yake ichunguzwe na jina lake lisafishwe, kisha akaomba kazi kwa hoja ya uaminifu na ujuzi. Makarani wa Han nao walikuja kuinufaisha China pale kazi yao ilipowekewa kanuni na amri mbaya ikaweza kurudishwa. Zhao Gao aliangamiza dola kwa sababu muhuri na siri vilikuwa mkononi mwake peke yake.

Wengi wetu ni wasimamizi wa misikiti, madrasa, au mali za mayatima katika koo zetu. Tunayemwamini tumpe ufunguo, ila daftari liandikwe na mwingine. Kufanya hivyo si kumdhania vibaya ndugu yetu, bali ni kumhifadhi yeye na amana aliyoibeba.