Chema hakijiuzi gizani

Katika madarasa yetu ya Kiswahili, ni methali chache zinazokaririwa kwa wepesi kama ile isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu huiandika ubaoni, mwanafunzi huinakili daftarini, na siku ya mtihani huandikiwa insha ndefu ya kusifu bidhaa bora na kuwabeza wachuuzi wapiga kelele. Ni methali nzuri. Hata hivyo, methali ni kama dawa; ina maradhi yake inayoyatibu, na ole wake aitumiaye kutibia maradhi mengine. Nimewaona vijana kadhaa wakiinywa dawa hii na kudhoofika kibiashara, na ndiyo maana leo nawaalika walimu wenzangu na wanafunzi tuijadili pamoja.

Vijana ninaowazungumzia ni wale waliojaliwa kipaji cha kuchora, kupiga picha, au kuandika kwa hati za mapambo, ambao wamefungua maduka katika mtandao wa intaneti ili wauze picha za kupamba kuta. Mmoja wao nilimfunza alipokuwa katika kidato cha tatu. Huchora mitumbwi ya wavuvi, milango ya kale ya pwani na matatu za Nairobi kwa rangi zinazomfanya mtazamaji atabasamu bila kutaka. Alitengeneza tovuti nadhifu, akapanga humo picha arubaini, akaketi kungoja. Miezi mitatu ilipita. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa shangazi yake. Kijana akaja kuniuliza picha zake zina kasoro gani, na tayari alikuwa amekwisha kuanza kuulizia kazi ya kupaka rangi nyumba. Nilimwambia kwamba picha hazina kasoro. Kilichokosekana ni njia ya kuzifikia.

Hebu tufikirie. Methali yetu ilizaliwa sokoni, mahali ambapo watu hupita hata kama hawana haja ya kununua. Mwenye maembe mabivu hahitaji kupiga kelele kwa sababu harufu imekwisha kusema na macho ya wapita njia yamekwisha kuona. Duka la mtandaoni halina kibaraza wala mtaa. Halipitiwi na mtu aendaye msikitini, kanisani au kituo cha basi. Mtu hafiki humo mpaka aelekezwe na rafiki, atafute kwa Google, au akutane na picha katika mtandao wa kijamii kisha afuate nyayo zake. Kwa hivyo, chema kilichowekwa humo bila kutangazwa ni sawa na embe bivu lililofungiwa kabatini. Litaoza na utamu wake.

Wasanii waliotutangulia waliufahamu ukweli huu hata kabla ya kompyuta kuingia majumbani mwetu. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alitumia mbao za bei nafuu na rangi za mafuta za kung'aa. Picha zake za wanyama na ndege ziliuzwa karibu na maduka ya Morogoro Stores katika eneo la Oysterbay, ambako wageni na maofisa wenye fedha walifika kununua mahitaji yao. Aliwafuata wanunuzi walikokuwa. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaofahamika ulimwenguni. Vivyo hivyo, wachuuzi wa soko la Kimaasai hapa Nairobi huhama na vinyago na picha zao kutoka uwanja mmoja hadi mwingine kwa kufuata siku za wiki. Je, tuseme bidhaa zao ni mbaya kwa kuwa zinajitembeza? La hasha!

Swali la kwanza basi ambalo mwenye duka jipya anapaswa kujiuliza ni hili: wanunuzi wangu ni nani, nao hupita wapi? Kijana wangu alinijibu kwamba wanunuzi wake ni watu wote. Jibu hilo lina maana kwamba hajamjua hata mmoja. Maharusi wanaohamia nyumba yao ya kwanza wana haja tofauti na ya mwenye hoteli ndogo kule Watamu. Daktari anayetaka kuwatuliza watoto katika chumba cha kungojea hatafuti kile atafutacho wakili wa barabara ya Kenyatta. Afadhali duka lianze na kundi moja tu, lijifunze lugha yake na mahali linapokutana, kisha lipanuke. Muuzaji wa picha za milango ya pwani atafanya vyema akizungumza na mafundi samani, wapambaji wa nyumba na wenye nyumba za kukodisha wageni. Fundi mmoja wa makochi anayetundika picha yako katika karakana yake atakuletea wateja kuliko matangazo mia yaliyotawanywa ovyo.

Wapo watakaodai kwamba Mwafrika hana desturi ya kununua picha za ukutani na kwamba hilo ni jambo la Wazungu. Hoja hiyo haina miguu ya kusimamia. Tembelea nyumba za kale za mawe kule Lamu, mji uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa ulimwengu, uone zidaka zilizochongwa katika plasta ya kuta, ambamo wenyeji waliweka vyombo vya kaure vilivyosafirishwa kutoka Uchina. Ingia sebule yoyote ya kijijini uone kalenda, saa, picha za mahafali na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Ukuta mtupu haujawahi kutupendeza. Tulichokosa ni kuonyeshwa kwamba kazi ya kijana wetu inaweza kukaa pale ilipokaa kalenda ya duka la mbegu, tena kwa bei inayolipika.

Kuonyesha huko kuna ufundi wake. Anayenunua picha mtandaoni hawezi kuigusa wala kurudi nyuma hatua tatu ili aitazame vizuri. Anaiona katika kioo cha simu kisichozidi kiganja, naye hajui kama itatosha ukuta wake. Muuzaji mwerevu huipiga picha kazi yake ikiwa imetundikwa katika chumba halisi, juu ya kochi au meza, ili mteja aone ukubwa wake. Hutaja vipimo waziwazi: karatasi ya A3 ni milimita 297 kwa 420, na ya A2 ni milimita 420 kwa 594. Humsaidia mteja kwa maarifa ya wapambaji, kwamba picha itundikwayo juu ya kochi hupendeza ikiwa na upana wa karibu theluthi mbili za kochi hilo, na kwamba majumba mengi ya sanaa huweka kitovu cha picha kiasi cha sentimita 145 kutoka sakafuni. Anayekufundisha jinsi ya kutundika amekwisha kukufanya uione picha nyumbani mwako, nawe hujatoa hata senti.

Aidha, kazi inayochapishwa iandaliwe kwa uangalifu. Kwa uchapishaji safi wa kiwango cha nukta 300 kwa inchi, picha ya A3 inahitaji nukta zipatazo 3,508 kwa 4,961. Anayechukua picha ndogo ya simu na kuivuta hadi ijae ukuta atampelekea mteja ukungu wa rangi, na mteja huyo atawaeleza jirani zake. Hapa ndipo methali yetu inaporejea kwa heshima zote. Tangazo huleta mnunuzi mara ya kwanza, lakini ubora ndio humrudisha akiwa na dada yake na mwajiri wake. Chema hujiuza, naam, baada ya kuonekana.

Kizingiti kingine ni imani. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, kulipa kumekuwa kwepesi mno, na wepesi huo huo umewafaa pia matapeli. Mkenya aliyewahi kutuma fedha na kuletewa hewa hatamwamini mgeni kwa sababu ya tovuti yenye maua. Duka jipya halina budi kujieleza: mwenyewe ni nani, anapatikana kwa simu ipi, picha itamfikia mteja wa Kitale kwa siku ngapi, nani atalipia usafirishaji, na ikifika imevunjika fremu itakuwaje. Bei iandikwe, isifichwe ili mteja aombe kuambiwa kisirisiri. Mteja wa kwanza akiridhika, aombwe ruhusa ya kuonyesha picha ya ukuta wake. Neno la mnunuzi mmoja aliyeridhika lina uzito kuliko sifa kumi ambazo muuzaji anajimwagia mwenyewe. Na anayekusanya nambari za simu za wateja ili awatumie habari za kazi mpya asisahau kwamba Kenya ina sheria ya kulinda data za watu tangu mwaka 2019. Aombe idhini kwanza, naye mteja akisema basi, iwe basi.

Jambo ambalo vijana wengi hulipuuza ni masimulizi. Picha bila simulizi ni rangi tu kwa asiyeizoea. Mchoraji Vincent van Gogh alipofariki mwaka 1890, na ndugu yake Theo akamfuata mwaka 1891, kazi zake nyingi zilibaki mikononi mwa Johanna van Gogh-Bonger, mjane wa Theo. Mama huyu hakusema kwamba chema kitajiuza. Aliziazima picha hizo kwa maonyesho, akauza chache chache kwa wakati aliouchagua, na mwaka 1914 akachapisha barua ambazo Vincent alimwandikia Theo, ili watu wamjue mtu aliyezichora. Mwaka 1924 aliiuzia National Gallery ya London picha mojawapo ya alizeti. Zaidi ya miaka thelathini ya subira! Kijana wetu hana haja ya kungoja hivyo, lakini anaweza kuandika aya moja chini ya kila picha: mlango huu ni wa mtaa upi, fundi aliyeuchonga alitumia mti gani, na kwa nini yeye aliuchora saa za alasiri. Ikiwa anajua Kiswahili sanifu na Kiingereza chema, aya hiyo itasomwa Mombasa na Toronto. Huu ndio wakati ambapo somo la insha linageuka kuwa mkate.

Najua wapo wanaohofia kwamba kuweka kazi hadharani ni kuwaalika wezi. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa picha hunakiliwa kwa kubonyeza kidole. Dawa yake si kujificha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda msanii katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya husajili kazi za wasanii. Tovuti ionyeshe nakala ndogo isiyofaa kuchapishwa, na ile kubwa ibaki kwa mwenyewe. Sheria hiyo, hata hivyo, ni kisu chenye makali pande mbili. Muuzaji anayeokota picha za wasanii wengine na kuziuza katika fremu zake ni mwizi, hata kama wateja wanamiminika dukani mwake.

Wengine husema kwamba sanaa ikitangazwa hushuka hadhi. Nawauliza: ni hadhi ipi aliyo nayo msanii aliyelala njaa? Mwandishi hupeleka kitabu kwa mchapishaji, mwanamuziki hupeleka wimbo redioni, na hakuna anayewacheka. Kinachoishusha sanaa ni uongo wa tangazo: bei inayodaiwa kupunguzwa ilhali haijawahi kuwa juu, au nakala ya mashine inayoitwa kazi ya mkono. Tangazo la kweli ni kumwonyesha mtu njia tu.

Walimu wenzangu, mfumo wa elimu ya umilisi umeiweka sanaa, pamoja na michezo, kuwa mojawapo ya njia tatu anazoweza kufuata mwanafunzi wa sekondari ya juu. Ni hatua ya kusifiwa. Lakini tukimfunza mtoto kuchora bila kumfunza kupiga hesabu ya fremu, karatasi, wino na nauli ya kifurushi, tutakuwa tumempa jembe na kumnyima shamba. Mwalimu wa sanaa, wa biashara na wa Kiswahili waketi meza moja. Wanafunzi wachore, wapige hesabu ya gharama, waandike maelezo ya kila kazi, kisha waonyeshe mauzo yao siku ya wazazi. Nanyi wanafunzi, msingoje cheti ndipo muanze kumtambua mnunuzi.

Na methali ile? Tuendelee kuifundisha, ila tumwombe mwanafunzi aongeze swali moja chini ya insha yake: chema hiki kimewekwa wapi, na ni nani atakayekiona? Atakayelijibu vizuri huenda asiongezewe alama yoyote na mtahini. Huenda, hata hivyo, akapata mnunuzi ambaye si shangazi yake.