Kutembea kwa Miguu katika Mji Mkongwe wa Unguja



Wengi wetu tunaoenda Dar es Salaam tunajua njia moja tu: hoteli ya bei ndogo, Kariakoo, kufunga mizigo, kurudi nyumbani. Lakini ng'ambo ya maji, safari ya karibu saa mbili kwa boti, kuna mji unaotuhusu kuliko tunavyofikiri. Ni Mji Mkongwe wa Unguja, Zanzibar. Wakati wa likizo kubwa nilimsindikiza mama mdogo wangu, ambaye anauza viatu na nguo za watoto. Mizigo yake ilipokuwa inangoja gari, tulivuka tukakaa huko siku mbili. Juma hili napenda kuwaeleza tuliyoyaona, ili yule atakayepata nafasi ajue pa kupita, na yule asiyepata awe na la kusimulia watoto.

Mji huu unatembelewa kwa miguu. Vichochoro vingi ni vyembamba, motokari haipiti. Ni watu, baiskeli, pikipiki na paka. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na milango yake ni ya mbao iliyochongwa maua, mingine ina misumari mikubwa ya shaba. Mbele ya nyumba nyingi kuna baraza, kiti cha mawe kilichoshikana na ukuta. Ukichoka, unaomba ruhusa na kukaa. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji huu kati ya urithi wa dunia.

Boti inafika Malindi. Ukitoka bandarini, fuata njia ya bahari, maji yawe mkono wako wa kuume. Utapita jumba la zamani la masultani, halafu Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, na watu waliistaajabia kwa sababu ya ukubwa wake na taa zake za umeme. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2020 sehemu yake kubwa ilianguka. Karibu yake iko Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, na mbele yake bustani ya Forodhani. Jioni pale watu wanauza pweza, samaki wa kuchoma na urojo, na watoto wanarukia baharini kutoka ukutani. Siku ya kwanza hiyo inatosha.

Siku ya pili tulikwenda Mkunazini, na huko ndiko safari yetu ilikobadilika. Pale palikuwa soko la watumwa. Lilipofungwa mwaka 1873, Waanglikana walijenga kanisa kubwa mahali hapohapo. Wanaoongoza wageni wanasema altare imewekwa pale watumwa walipokuwa wakifungwa na kuchapwa. Wanaonyesha pia vyumba vya chini vya nyumba ya jirani, dari fupi, hewa kidogo. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni. Aliyezichonga ni Clara Sörnäs, mwanamke wa Sweden, mwaka 1998.

Watu wale walitoka wapi? Wengi walitoka upande wa ziwa Nyasa. Lakini wengine walitoka kwetu, Maniema na ng'ambo ya Tanganyika, wakitembezwa kwa miguu miezi na miezi, wengine na pembe za ndovu kichwani.

Kuna siku moja ambayo kila mama wa Kongo angefaa kuijua. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka 1871 ilikuwa siku ya soko huko Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Zaidi ya watu elfu moja walikuwapo, na wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kubadilishana vyakula na vyombo. Watu wenye bunduki, wa wafanyabiashara wa watumwa, wakaanza kupiga risasi katikati ya soko. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa ikazama. Wengi walijitupa mtoni wakafa maji. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwapo, akayaandika. Habari zake zilipofika Uingereza zilichoma mioyo ya watu, zikaongeza nguvu kwa waliokuwa wakimshurutisha Sultani Barghash. Mwezi wa sita mwaka 1873 alitia sahihi, soko la Mkunazini likafungwa.

Nilimweleza mama mdogo hayo tukiwa tumesimama kando ya lile shimo. Aliniuliza: "Hao wamama wa Nyangwe walikuwa wanauza nini?" Nikamjibu: "Samaki, vyungu, muhogo." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi walikuwa kama sisi."

Kutoka hapo tulikata mji hadi Shangani, iliko nyumba ya Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip. Yeye ndiye aliyetawala Kasongo na sehemu kubwa ya Maniema kwa bunduki na biashara ya pembe na watu. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji alimpa cheo cha liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Alikufa Unguja mwaka 1905. Watoto wetu wakisoma historia hii wanauliza: alikuwa mtu mbaya? Mimi kama mwalimu naona tuwape habari yote. Tuseme watu walivyouzwa, na nani alinunua. Tuseme pia kwamba mpunga wa Maniema ulienezwa na wafanyabiashara walewale, na kwamba Kiswahili tunachobembelezea watoto kilitufikia kwa njia ileile ya mateso.

Juu ya lugha, msiogope. Ni kweli Kiswahili cha vitabu kilijengwa juu ya Kiunguja, na watu wa kule walitutambua mara moja kuwa tunatoka Kongo. Sombe yetu kwao ni kisamvu. Sisi tunasema "jambo mama", wao kwa mkubwa wanasema "shikamoo" na kungoja "marahaba". Walicheka, tukacheka, wakatuelekeza njia.

Tulisikia pia habari za Siti binti Saad, binti wa kijiji cha Fumba aliyekuwa akiuza vyungu mjini. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Katika wimbo wake uitwao Kijiti aliimba juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji alitoroka, na adhabu ikawapata wanawake waliotoa ushahidi. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa maneno hayo yana uzito gani.

Kwa atakayeenda: chukua pasiporti, kwa sababu bandarini wanaiuliza. Vaa viatu vya chini, na kitenge kinachofunika magoti na mabega, maana ni mji wa Waislamu. Tembea asubuhi na jioni. Saa sita jua ni kali. Beba maji. Usitake kuona yote: mahali pawili kwa siku panatosha. Wakitaka kuongozwa, wamama watatu au wanne wachangie mwongozaji mmoja mwenye kitambulisho, na wapatane bei mbele ya kuanza. Ukipotea vichochoroni, uliza njia ya Forodhani. Kila mtu anaijua.

Na kwa wamama watakaobaki nyumbani naomba jambo moja. Katika vikundi vyenu wako mabibi waliozaliwa Kasongo, Kabambare, Fizi au Kalemie. Waulizeni walichosikia kwa wazazi wao juu ya nyakati zile, na mpeni kijana anayejua kuandika daftari ayaweke. Makaburi ya wamama wa Nyangwe hayaonekani, mto uliwachukua. Tarehe yao ya 15 mwezi wa saba tunaweza kuiweka katika kalenda ya vikundi vyetu.