Kutoka Aqua Kwenda Crown: Hesabu ya Mafuta na Hesabu ya Mgongo

Mwenye Toyota Aqua jijini Dar es Salaam akishakaa na gari lake miaka mitatu minne, huanza kuitazama Crown, sedani kubwa ya Toyota, kwa jicho jingine. Aqua, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme, imemtunzia pesa, hilo hana ubishi nalo. Lakini kila tuta la mtaani analisikia kiunoni, rasta za barabara kuu zinamtetemesha hadi meno, na wazazi wakipanda siti ya nyuma kwenda msibani Bagamoyo, hushuka wakijinyoosha. Ndipo mwenye yadi ya magari anapomwambia: lete Aqua yako, ongeza hela juu, uondoke na Crown leo hii.

Majibu anayopewa na watu ni mawili na yote mafupi. Wa kwanza anasema achana na haibridi, betri itakufilisi. Wa pili anasema Crown inakunywa mafuta, utajuta. Kwa maoni yangu wote wawili wanajibu swali lisiloulizwa. Anachokikimbia mtu huyu si haibridi, ni udogo wa gari. Mambo hayo mawili yamekaa ndani ya bodi moja kiasi kwamba tumezoea kuyaona ni kitu kimoja, na hapo ndipo watu wanapopoteza mamilioni.

Mfumo wa haibridi wa Toyota uliingia sokoni na Prius ya kwanza Desemba 1997. Aqua ilifuata Desemba 2011, ikiwa na injini ya lita 1.5, mota za umeme na betri ya nikeli ya volti 144 iliyowekwa chini ya siti ya nyuma. Uokoaji wake wa mafuta unatoka sehemu tatu. Ukisimama kwenye foleni injini inazimika, na ukisogea taratibu mota ndiyo inayosukuma. Ukikanyaga breki, mwendo ambao kwenye gari la kawaida ungeishia kuwa joto la pedi unageuzwa umeme na kurudi kwenye betri. Tena injini yenyewe imepangwa valvu zake zichelewe kufunga, ikamue kazi zaidi katika kila tone la petroli hata kama inapunguza nguvu, kwa sababu mota ipo kuziba pengo hilo. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloufanya mgongo uume.

Kinachouumiza kiko chini ya bodi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Aqua ina milimita 2,550. Crown za vizazi viwili vinavyoonekana sana mjini, yaani kile cha 2008 na kile cha mwisho wa 2012, zina 2,850. Gari fupi likipanda tuta, pua inainuka na mkia unainuka karibu kwa pamoja, mwili mzima unabembea. Gari refu linapata muda wa kutulia mbele kabla nyuma hakujafika. Uzito nao una kazi yake. Aqua ina takriban kilo 1,080 na Crown inakaribia 1,600, na gurudumu likipiga shimo ni rahisi zaidi kukirusha chombo chepesi kuliko kizito. Kisha tazama nyuma. Magurudumu mawili ya nyuma ya Aqua yameunganishwa na chuma kimoja cha kukingama, hivyo la kulia likitumbukia, la kushoto nalo linapata habari. Kwenye Crown kila gurudumu lina mikono yake na bushi zake, linapanda na kushuka bila kumsumbua mwenzake. Ongeza siti pana zenye povu nene na vizuia kelele vilivyojazwa milangoni na sakafuni, utaelewa kwa nini mtu akikaa ndani ya Crown hujisikia amefika.

Lakini bushi hizo nyingi ndizo zitakazokupeleka kwa fundi. Gari lenye mikono mingi lina viungo vingi vya kuchakaa, na kwenye barabara zetu viungo huchakaa. Crown iliyotembea kilomita laki moja na nusu bila kubadilishwa bushi inaweza kugonga na kuyumba kuliko Aqua iliyotunzwa.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii kabisa, nalo ni tairi. Crown inayopendwa zaidi na vijana ni Athlete, kwa sababu ya uso wake, na Athlete S hutoka kiwandani na tairi za 225/45 kwenye rimu za inchi 18. Namba ya katikati inasema kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 45 ya upana wake, yaani kama milimita 101. Royal Saloon, Crown ile ya wazee, ina 215/60 kwenye rimu za inchi 16, na ubavu wake unafika milimita 129. Sasa pima Aqua yenyewe yenye tairi za 175/65: ni milimita 114. Maana yake unaweza kuongeza mamilioni kuacha gari dogo, ukaishia na tairi ambalo mto wake wa hewa ni mwembamba kuliko ule uliouacha. Shokapu za Athlete nazo zimekazwa zaidi kwa ajili ya kukata kona. Anayenunua Crown kwa ajili ya mgongo wake anatakiwa kuangalia Royal, au Athlete iliyorudishiwa rimu ndogo zinazoruhusiwa na tairi nene. Mimi naona hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote katika biashara hii, kwa sababu mtu analilipa kwa furaha.

Urefu una adhabu yake pia. Gari la chini lenye milimita 2,850 kati ya ekseli hukwangua tumbo kwenye matuta ya mitaani yaliyojengwa bila kipimo. Wengi hukimbilia kuweka spesa ili kulinyanyua, na fundi asiye makini huliacha na pembe mbaya za magurudumu, tairi zinaliwa upande na ule ulaini ulionunuliwa unapungua. Kabla ya kuamua, upime kimo cha tuta lililo karibu na nyumbani kwako.

Tuje kwenye mafuta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo bei haikai mahali pamoja. Kwa hesabu yetu tuchukulie shilingi 3,000 kwa lita, na mtu anayetembea kilomita 1,200 kwa mwezi, nyingi zikiwa za foleni. Tuchukulie Aqua inampa kilomita 20 kwa lita. Vipimo vya Japani viliiandikia kilomita 35.4 ilipotoka, lakini vipimo hivyo havikufanyiwa Ubungo saa kumi na moja jioni. Atatumia lita 60, yaani shilingi 180,000. Crown ya V6 (silinda sita) ya lita 2.5 tuipe kilomita 8 kwa lita: lita 150, shilingi 450,000. Tofauti ni 270,000 kwa mwezi, au 3,240,000 kwa mwaka. Akikaa nayo miaka minne ni karibu milioni 13, na hapo hatujagusa ile nyongeza aliyompa mwenye yadi.

Katikati yao ipo Premio ya lita 1.5, kimbilio la wengi, ambayo tuipe kilomita 12 kwa lita. Inatumia lita 100, shilingi 300,000. Hapa nataka msomaji atulie kidogo. Kutoka 8 kwenda 12 ni ongezeko la kilomita nne tu kwa kila lita, na kutoka 12 kwenda 20 ni nane. Kwa macho, la pili ndilo kubwa. Lakini la kwanza limeokoa lita 50 na la pili limeokoa lita 40. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Richard Larrick na Jack Soll, waliandika juu ya udanganyifu huu katika jarida la Science mwaka 2008: watu wakipewa umbali kwa kila kipimo cha mafuta hukosea kukadiria akiba, na wakipewa kiasi cha mafuta kwa umbali fulani hupata sawa. Kwa hiyo usimuulize muuzaji gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Jiulize litakunywa lita ngapi kwa mwezi wako. Ukiuliza hivyo utaona kwamba hasara kubwa haiko katika kuacha haibridi, iko katika kuingia kwenye V6.

Premio nayo isichukuliwe kama dawa ya kila kitu. Ina milimita 2,700 kati ya ekseli, siti zake ni nzuri na imetulia, ila nyuma ina chuma kile kile cha kukingama. Ni hatua moja mbele, si mbili.

Foleni ikiondoka, hesabu inabadilika. Barabarani kuelekea Dodoma, mwendo ukiwa wa kudumu, haibridi haina breki nyingi za kuvunia umeme wala vituo vya kuzimia injini. Aqua itabaki kwenye ishirini yake, lakini V6 inaweza kupanda hadi kilomita 11 kwa lita. Kwa safari ya kilomita 450 hiyo ni lita 41 dhidi ya 22 na nusu, tofauti ya shilingi 55,000 hivi. Ukigawanya kwa watu wanne waliofika bila kuumwa kiuno, ni bei ninayoweza kuitetea mbele ya yeyote. Hata hivyo, tangu 2024 treni ya SGR inakwenda Dodoma, na kama safari hiyo ndiyo sababu pekee ya kutaka sedani kubwa, tiketi ni nafuu kuliko gari.

Sasa njia ambayo mwenye yadi mara nyingi haitaji. Camry ya kizazi cha 2011 hadi 2017 iliuzwa Japani ikiwa haibridi peke yake, yenye injini ya lita 2.5, milimita 2,775 kati ya ekseli na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Crown ya kuanzia mwisho wa 2012 nayo ina toleo la haibridi la silinda nne. Tuzipe kilomita 15 kwa lita: ni lita 80, shilingi 240,000 kwa mwezi. Mtu ameongeza 60,000 tu juu ya gharama ya Aqua, na ameikwepa 210,000 ya V6, huku akikaa kwenye siti ile ile aliyokuwa akiitamani. Anachopoteza ni nafasi kidogo ya buti, ambako betri imekaa.

Betri ndiyo inayowafukuza watu, na hofu hiyo haijatoka hewani. Joto na umri huichosha, na adui yake mkubwa kwetu ni vumbi: feni inayoipoza huvuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na siti ya nyuma, na tundu hilo likizibwa na mchanga, nywele au mfuko wa nailoni, betri inachemka taratibu mpaka inakufa. Kusafisha feni hiyo ni kazi ndogo isiyofanywa. Ukitajiwa bei ya betri nyingine, iweke kando ya ile milioni tatu na ushee ambayo V6 inakula zaidi ya Aqua kila mwaka, kisha uamue kipi kinatisha zaidi.

Hofu hiyo hiyo ndiyo inayoshusha bei ya Aqua yako yadini. Mwenye yadi lazima apate faida yake, na betri ni fimbo yake ya kwanza. Nenda kwa fundi mwenye skana kabla ya kwenda kwake, asome volti za kila kundi la seli gari likiwa linatembea, akuandikie. Makundi yakiwa yanalingana, unayo karatasi ya kuweka mezani. Uliza pia bei ya Aqua kwa mnunuzi wa mkononi, ili ujue yadi inakukata kiasi gani kwa kukuondolea usumbufu wa kuuza mwenyewe. Na gari unalolichukua, hakiki jina kwenye kadi na madeni ya faini za barabarani kabla fedha haijatoka.

Kabla ya yote hayo, lipandishe gari ulilonalo kwenye lifti. Shokapu zilizokufa, bushi zilizokatika na tairi zilizojazwa upepo kupita kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva hufanya gari lolote liwe gumu. Aqua haitakuwa Crown, lakini inaweza kuwa Aqua tena, kwa sehemu ndogo sana ya ile nyongeza.

Kama baada ya matengenezo hayo mgongo bado unalalamika, badilisha; afya si anasa. Anayekaa foleni kila siku achukue Camry au Crown ya haibridi yenye betri iliyopimwa. Anayetembea chini ya kilomita 500 kwa mwezi anaweza kuchukua Royal ya V6, kwani tofauti yake na Aqua haitafika shilingi 115,000 kwa mwezi. Ila kwa mtu wa kilomita 1,200 za mjini, kutoa Aqua na kuongeza hela ili apate Athlete S ya V6 ni biashara mbaya, kwa mfuko na kwa mgongo pia. Na yeyote kati yao, asisaini kwa kuzungusha gari kwenye lami ya mbele ya yadi. Liombe kwa nusu saa, mpakie mzazi siti ya nyuma, ulipitishe mtaani kwako.