Kioo cha kulinda lenzi kinapoharibu picha

JUMATATU moja asubuhi mwaka wa 2009 nilipokea simu kutoka kwa mama ambaye nilikuwa nimepiga picha za harusi ya bintiye mjini Nakuru majuma matatu kabla ya hapo. "Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee ametuacha. Tutafutie picha yake moja nzuri katika zile za harusi, tuikuze tuiweke mbele ya jeneza."

Nilimpa pole, kisha nikafungua kompyuta bila wasiwasi wowote. Picha niliyoitaka niliikumbuka vyema. Usiku ule wa karamu, mzee huyo, babu yake bibi harusi, alikuwa ameketi upande wa kushoto wa hema, mkono ameuinua kuwabariki maharusi waliopiga magoti mbele yake. Juu, upande wa kulia, kulikuwa na taa ndogo nyingi zilizotundikwa kwenye waya. Nilipoitazama picha hiyo usiku ule katika kioo kidogo cha nyuma ya kamera, niliridhika kabisa.

Nilipoikuza asubuhi hiyo, moyo ulinidunda. Vidoa vya kijani vilivyofifia vilikuwa vimetapakaa kutoka kipaji cha uso wake hadi kidevuni, kana kwamba mtu alikuwa amemnyunyizia rangi. Nilikesha nikijaribu kuvifuta kwa programu ya kompyuta. Kila nilipofuta kidoa, makunyanzi yake nayo yalifutika, na sura iliyobaki haikuwa ya mzee yule. Mwishowe jamaa zake walikuza picha ya kitambulisho, ile ambayo kila Mkenya hutokea amekodoa macho kama mshukiwa.

Niliamini kamera ilikuwa imeharibika, nikaipeleka kwa fundi mmoja mkongwe aliyekuwa na kibanda karibu na River Road, Nairobi. Hakuifungua hata msumari mmoja. Alizungusha tu filta iliyokuwa mbele ya lenzi, akaitoa na kuniuliza niliinunua pesa ngapi. Nikamjibu kuwa ni shilingi 300, kwa mchuuzi wa barabarani.

"Njoo uone, mwanangu," akasema. Akaishika filta yangu chini ya taa ndefu ya darini na kuiinamisha kidogo. Niliiona taa ile ndani ya kioo, nyeupe na wazi, jinsi mtu anavyoiona katika dirisha la nyumba usiku. Kisha akatoa filta nyingine kutoka kwenye kabati lake na kuiinamisha vivyo hivyo. Safari hii taa ilionekana kama kivuli tu, hafifu, yenye rangi ya zambarau iliyochanganyika na kijani. "Hii imepakwa dawa," akasema. "Yako ni kioo cha dirisha kilichotiwa pete."

Msomaji ambaye hajawahi kushika kamera kubwa huenda asijue ni kitu gani tunachozungumzia. Filta ya kulinda ni kioo bapa cha mviringo, chenye fremu ya chuma, kinachofungwa kwa kuzungushwa mbele ya lenzi ili vumbi, vidole na mikwaruzo vikumbane nacho kwanza. Lenzi hugharimu maelfu ya pesa, nayo filta hugharimu sehemu ndogo ya hizo, kwa hiyo mantiki yake ni rahisi kuielewa. Wengi wetu tuliinunua kwa mantiki hiyo na kuishia hapo.

Hata hivyo, kioo chochote kitupu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwangaza unaogonga uso wake. Filta ina nyuso mbili, mbele na nyuma, kwa hivyo karibu asilimia 8 ya mwangaza hurudi badala ya kupita. Kupoteza kiasi hicho si tatizo kubwa kwa picha ya mchana. Balaa ni pale mwangaza unaorudi unapoanza kutangatanga ndani ya lenzi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika picha ya mzee. Mwangaza wa taa zile ulipita kwenye lenzi ukafika kwenye kihisi, yaani kile kijisahani kinachonasa picha badala ya filamu. Kihisi kina uso laini unaong'aa, basi kikarudisha sehemu ya mwangaza huo kuelekea mbele. Ulipotoka ulikutana na filta yangu bapa, ambayo ikaufanyia kazi ya kioo cha kujitazamia na kuurudisha tena ndani. Taa zikachorwa mara ya pili, hafifu na juu chini, upande unaokabiliana na zile za kweli kupitia katikati ya picha. Taa zilikuwa juu kulia. Mzee alikuwa chini kushoto.

Ile "dawa" ya fundi si rangi wala si kemikali ya kunyonya mwangaza. Ni tabaka jembamba ajabu, aghalabu la magnesiamu floraidi, linalopakwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Unene wake ni kama nanometa 100, na unywele mmoja wa binadamu huushinda mara mamia. Kipimo hicho hakikuchaguliwa ovyo. Mwangaza husafiri kwa mawimbi, na sasa sehemu moja hurudishwa na uso wa juu wa tabaka huku nyingine ikirudishwa na uso wa chini, pale tabaka linapokutana na kioo. Hii ya pili imetembea nusu ya wimbi zaidi, hivyo mlima wake unaangukia bonde la mwenzake, na mawimbi hayo mawili yanauana. Mwangaza ambao ungerudi hupita mbele na kuingia kwenye picha.

Tabaka moja hushusha kiwango kinachorudi kutoka asilimia 4 hadi kama asilimia 1 na nusu kwa kila uso. Lakini hufanya kazi vizuri zaidi kwa rangi moja, kwa kawaida kijani, huku nyekundu na buluu zikibaki kidogo. Ndiyo sababu unaona ile zambarau. Filta bora zina matabaka kadhaa yaliyopangwa kushughulikia rangi zote, na hapo kiwango huwa chini ya nusu ya asilimia.

Ajabu ni kwamba ugunduzi huu ulianzia kwenye uchafu. Katika miaka ya 1890, Mwingereza Dennis Taylor, mbunifu wa lenzi, aligundua kuwa lenzi kuukuu zilizopauka kwa umri zilipitisha mwangaza mwingi kuliko mpya. Mnamo 1935 Alexander Smakula, wa kampuni ya Carl Zeiss nchini Ujerumani, akapata njia ya kupaka tabaka kama hilo makusudi, na Wajerumani wakaifanya siri ya kijeshi.

Filta nyingi za madukani huandikwa UV, na wauzaji wangali wanakueleza kuwa zitazuia miale ya urujuanimno. Enzi za filamu maneno hayo yalikuwa na uzito, hasa kwa anayepiga picha za milimani, maana miale hiyo iliacha ukungu wa buluu kwenye filamu. Kamera ya dijitali ina kioo mbele ya kihisi ambacho tayari huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Kwa hiyo leo unanunua kinga tu, na kinachofaa kukuhangaisha ni kama imepakwa.

Mimi sasa huifunga filta ninapopita njia za vumbi jekundu, kwenye upepo wa chumvi wa Malindi, na penye watoto. Jioni taa zikishawashwa, au ninapolielekea jua, naitoa na kuitia mfukoni. Kuhusu kuanguka, sina imani nayo sana. Kioo hicho chembamba huvunjika upesi na vipande vyake vinaweza kuikwaruza lenzi yenyewe. Kile kikingio cha plastiki cha kuzuia jua hupokea pigo vizuri zaidi.

Kuna malalamiko kwamba filta zilizopakwa huchafuka haraka. Ukweli ni kuwa mafuta ya kidole huvuruga kazi ya tabaka, kwa hivyo alama huonekana zaidi. Usifute kwa shati. Vumbi letu lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko kioo, nawe utakuwa unapiga msasa. Pindua lenzi itazame chini, puliza kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo wenye mate, ndipo ufute polepole kwa kitambaa kama kile cha miwani.

Filta ile ya shilingi 300 ningali nayo kwenye droo. Kijana anapokuja kujifunza kazi kwangu, siku ya kwanza humpa hiyo na nyingine iliyopakwa, nikamsimamisha chini ya taa na kunyamaza. Wengi huona tofauti kabla sijauliza.